Kiboko Katika Uwanja wa Gofu

Msomaji, kama nyumbani kwenu ni Kendu Bay, au Homa Bay, au Mbita, au Sori kule Karungu, au Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, basi sina haja ya kukueleza kiboko ni nani. Namsema mnyama, ile fimbo iitwayo kwa jina lake, iliyokuwa ikikatwa katika ngozi yake, tuiache ilale, maana sheria ya Kenya iliiondoa madarasani mwaka 2001. Wamjua kwamba mchana kutwa hukaa majini, na jua likisha kutua hupanda nchi kavu kula majani, kisha alfajiri hurudi ziwani. Waijua pia adabu ambayo wavuvi na wachota maji humwekea: usisimame baina yake na maji. Adabu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, wala hapana mahakama inayoisimamia, lakini asiyeishika haonywi mara mbili.

Nimeanza kwa kiboko ijapokuwa nia yangu ni kukusimulia habari za gofu, kwa sababu katika nchi hii yetu ya Nyanza habari hizo mbili zimekutana. Mwaka 1950 klabu ya Nyanza, iliyoko Kisumu ng'ambo ya Ghuba ya Winam, ilikuwa na sheria yake ya mahali, ambayo baadaye ilitajwa na waandishi wa michezo duniani kote. Nitaieleza kwa maneno yangu mwenyewe. Mpira ukija kutua karibu na kiboko au mamba hata pakawa na hatari, mchezaji aruhusiwa kuangusha mpira mwingine mahali penye salama, wala asihesabiwe kosa. Ila asiuangushe mahali palipo karibu zaidi na shimo kuliko pale ulipotua ule wa kwanza.

Waliosoma maneno hayo katika nchi za baridi walicheka sana, na mpaka leo huyatoa kama kichekesho cha Afrika. Wewe nawe cheka, kisha uyasome tena polepole, kama asomavyo wakili. Utaona ya kwamba waliotunga sheria hii hawakuwa wakifanya mzaha hata kidogo. Waliketi wakafikiri: je, ni haki mtu apoteze pigo kwa sababu ya mnyama ambaye hakumwalika? Wakajibu, si haki. Je, ni haki basi hofu yake imletee faida, asogee mbele kwa kisingizio cha mamba? Wakajibu, hiyo nayo si haki. Basi wakamwondolea hatari wakamnyima faida, na yote hayo kwa sentensi moja. Nimesoma sheria za serikali zilizojaza kurasa ishirini zisifikie uzani huo. Huko Jinja nako, mahali Mto Nili utokapo ziwani, wachezaji walikuwa na desturi ya namna hiyo hiyo: mpira uliotumbukia katika wayo wa kiboko uliweza kuinuliwa na kuwekwa pengine bila adhabu.

Mchezo wenyewe ni huu. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, unaofichika kiganjani, na mfuko wa virungu ambavyo kwa sheria havizidi 14. Uwanja kamili una mashimo 18. Viwanja vingine vina 9 tu, navyo huzungukwa mara mbili. Kila shimo lina upana wa milimita 108. Msomaji wa Migori, ambaye asikiapo neno shimo hufikiri machimbo ya dhahabu ya Macalder, na ajue kwamba hili halimwingizi hata paka. Kutoka mahali pa kuanzia mpaka shimoni huenda ikawa hatua mia na hamsini au mia tano, na katikati pana majani marefu, miti, mchanga na maji. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Ni hayo tu. Mtoto wa miaka sita aweza kuyaelewa, na mzee wa miaka sitini bado yamliza.

Wala kupiga mpira kwa fimbo si jambo geni ufuoni mwa Nam Lolwe. Wavulana wa Kijaluo walipokuwa machungani walicheza adhula, pande mbili zikigombea mpira kwa fimbo, mfano wa mchezo wa magongo ufundishwao shuleni siku hizi. Lakini adhula ni mchezo wa kundi na makelele. Kila mtu yuko mbele ya macho ya wenzake, na adanganyaye huumbuliwa papo hapo, pengine kwa fimbo ya muundi. Gofu ni kinyume. Kila mchezaji ana mpira wake, na mipira hutawanyika huku na huku. Mmoja atajikuta kulia, mwingine kushoto, hatua mia mbali naye. Mara kwa mara mtu huwa peke yake kichakani pamoja na mpira wake uliokaa vibaya, na hapana jicho limwonalo. Akiusogeza kwa ncha ya kiatu, nani atajua? Mwamuzi hayupo. Katika mashindano makubwa wako waamuzi wachache, lakini watu wachezao kwa kujifurahisha hawana wa kuwaamua ila wao wenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya adabu.

Gofu ya sheria zilizoandikwa imetoka Uskoti. Mwaka 1457 bunge la huko liliupiga marufuku mchezo huu pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza upinde na mshale, na nchi ilihitaji askari. Marufuku hayo hayakufua dafu. Karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 1744, mji wa Edinburgh ulitoa rungu la fedha liwe zawadi ya kushindaniwa katika uwanja wa Leith. Penye zawadi pana ugomvi, nawe umeona hayo siku za michezo shuleni. Kwa hiyo wachezaji wa Leith waliandika sheria 13, ambazo ndizo za kwanza tulizo nazo. Ukizisoma utafikiri u katika malisho ya ng'ombe. Zasema kwamba mpira ukizuiwa na mtu, au farasi, au mbwa, au kitu kinginecho, yapasa uchezwe pale pale ulipolala. Zakataza kuondoa mawe na mifupa ili kujirahisishia pigo, isipokuwa mahali maalumu, tena karibu na mpira tu. Zasema ukitumbukia majini waweza kuutoa, lakini mpinzani wako apewe pigo moja. Mifupa, mbwa na maji machafu! Hao walikuwa watu waliochezea katika uwanja wa watu wote, na sheria zao ni picha ya mahali pao, kama vile sheria ya kiboko ilivyo picha ya Kisumu.

Aliyeshinda rungu la fedha mwaka ule wa 1744 alikuwa daktari wa kupasua aitwaye John Rattray, naye ndiye aliyetia sahihi sheria zile. Mwaka uliofuata vita vya kugombea ufalme vilizuka Uskoti, na Rattray akafuatana na jeshi la waasi akiwatibu majeruhi wao. Waasi waliposhindwa huko Culloden mwaka 1746, alitiwa mbaroni. Husimuliwa kwamba aliyemwokoa na kitanzi ni Duncan Forbes, jaji mkubwa wa upande wa serikali, ambaye walikuwa wakicheza gofu pamoja. Sijui kama hiyo ni sifa ya mchezo au ni lawama kwa mahakama. Huenda daktari mwingine asiyejua kushika rungu angalinyongwa.

Tangu hapo sheria zimeongezeka mpaka zikawa kitabu kizima, na ubavuni mwake pamekuwapo adabu. Mwenzako apigapo, simama kimya, usitikisike, wala kivuli chako kisimwangukie mbele ya mpira. Usikanyage njia ambayo mpira wake utapita kuelekea shimoni. Ukikwangua majani kwa rungu, yarudishe uyashindilie kwa mguu. Ukiingia mchangani, ukitoka ufute nyayo zako. Kama kundi lako laenda polepole, wapishe walio nyuma. Mpira ukielekea watu, piga ukelele. Mwenye mpira ulio mbali zaidi na shimo ndiye atanguliaye kupiga. Ukiziangalia vema, karibu zote zina shabaha moja, nayo ni kumkumbuka mtu ambaye hayupo mbele yako: ajaye nyuma, au aliye mbele asiyekuona. Mjaluo afundishwaye kumpisha mkwewe njiani, au Mkuria afundishwaye namna ya kukaa mbele ya wazee wa rika kubwa kuliko lake, hatazishangaa.

Lakini mhimili wa adabu zote ni huu, kwamba mtu ajishtaki mwenyewe. Mwaka 1925 Mmarekani Bobby Jones, aliyekuwa stadi kuliko wote wa zama zake, alikuwa akishindania ubingwa wa Marekani huko Worcester. Alipokuwa akijiandaa kupiga, mpira ukajongea kidogo majanini. Hapana aliyeuona ila yeye. Akasema umejongea, akajitoza pigo moja. Mwisho wa mashindano akajikuta sawasawa na Willie Macfarlane. Wakarudiana, na Jones akashindwa. Pigo lile moja ndilo lililomkosesha taji. Watu walipomsifu alichukizwa, kwa maana aliona ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuvunja benki.

Na kuna kisa kingine nipendacho kuwasimulia wanafunzi wangu siku ya mtihani. Mwaka 1968, katika mashindano ya Augusta huko Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza siku ya mwisho kwa mapigo 65, siku ambayo ndiyo iliyokuwa ya kuzaliwa kwake. Desturi ni kwamba mchezaji hahesabu mwenyewe katika karatasi. Mwenzake humwandikia, naye hukagua na kutia sahihi. Mwenzake aliandika 4 katika shimo la kumi na saba badala ya 3. De Vicenzo hakuangalia, akatia sahihi. Sheria yasema idadi iliyotiwa sahihi ikiwa kubwa kuliko ya kweli, hiyo kubwa ndiyo ishikwayo. Maelfu ya watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba ni 3, na bado ikawa 4. Akahesabiwa 66, akaikosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, ambaye ndiye aliyepewa ushindi. De Vicenzo hakumlaumu mwandishi wala waamuzi. Alijiita mjinga, basi. Wako wasemao kwamba sheria hiyo ni katili. Mimi naiona kali lakini haina ukatili, kwa kuwa ilimpa nafasi ya kusoma kabla ya kutia sahihi. Mwanafunzi atoaye karatasi yake dakika kumi kabla ya wakati hana wa kumlilia.

Usidhani kwamba watu hawa huishi kwa ukali tu. Mchezo unaomdhalilisha mtu kiasi hiki hauwezi kuchezwa bila kicheko. Daktari, jaji na mkurugenzi wa kampuni, watu ambao mjini huamkiwa kwa kuinamiwa, huenda wakamkosa mpira uliotulia kama yai, wakapiga hewa, wakajizungusha. Na adabu yasema wenzao wasicheke mpaka kwanza acheke yeye. Kisha kuna hesabu iitwayo hendikapu, ambayo humpa mchezaji dhaifu mapigo ya kupunguziwa ili ashindane sawa na hodari. Ni mpango wa busara sana. Ni mpango pia uliowafundisha watu kujidunisha, maana ajifanyaye dhaifu hupunguziwa zaidi. Katika michezo yote niijuayo huu ndio ambao majisifu huja baada ya mchezo, na kabla yake huja malalamiko ya mgongo, ya kiuno na ya virungu vya kuazima.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakianguka London, klabu moja ya kando ya mji, Richmond, ilitoa mwaka 1940 sheria za muda. Mpira uliosogezwa na adui waweza kurudishwa mahali pake. Vipande vya mabomu viokotwe, visije vikaharibu mashine za kukatia majani. Na mchezaji ambaye bomu limelipuka wakati ule ule apigapo, aruhusiwa kupiga mpira mwingine, ila atozwe pigo moja. Hiyo adhabu ya pigo moja ndiyo inayochekesha, na ndiyo iliyowaudhi Wajerumani, ambao redio yao iliwadhihaki Waingereza kwa ajili yake. Nadhani hawakutambua kwamba walikuwa wakidhihakiwa wao. Linganisha sasa, msomaji: mtu wa Kisumu aliyekumbwa na mamba alisamehewa bure, na mtu wa Richmond aliyekumbwa na bomu alitozwa. Ama mamba wa Nyanza aliheshimiwa zaidi, ama Richmond waliona aibu kukiri kwamba bomu laweza kumshtua mwungwana.

Mchezo ukiisha, wachezaji huketi pamoja mahali wapaitapo kwa utani shimo la kumi na tisa, yaani barazani penye vinywaji. Hapo mapigo ya siku nzima huchezwa upya kwa mdomo, nayo huwa marefu kuliko yalivyokuwa. Aliyewahi kukaa jioni kwenye ufuo wa Mbita akawasikiliza wavuvi wakisimulia mbuta aliyekata nyavu akaenda zake, jinsi anavyozidi kunenepa kila asimuliwapo, ameshaisikia lugha ya shimo la kumi na tisa. Na sisi tunayo pakruok, sanaa ya Wajaluo ya kujisifu kwa mafumbo mbele ya mpiga nyatiti, ambapo atakaye kusema hutoa fedha kwanza ili muziki usimame. Huo ni mpango bora zaidi. Laiti kila mchezaji gofu angalilipia majigambo yake, klabu zote zingalikuwa tajiri.

Mpaka hapa nimekuonyesha uso mmoja wa habari hii. Sasa tugeuze tuone mwingine, maana asomaye historia hawezi kusimama upande wa jua tu.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na mahali ilipokomea, Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kwa reli walikuja maofisa, na kwa maofisa ikaja michezo yao. Nairobi ilikuwa na klabu ya gofu tangu mwaka 1906. Kutoka Kisumu meli zilivuka ghuba mpaka Kendu na Homa Bay zikibeba barua, pamba na watu. Lakini maofisa waliotawala nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori hawakukaa ufuoni penye joto na mbu. Kwa miaka mingi makao yao yalikuwa juu katika vilima vya Kisii, na Homa Bay ilipata kuwa makao makuu ya Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 tu. Migori ilikatwa ikawa wilaya mbali mwaka 1992. Miaka ya 1930 dhahabu ilileta Wazungu wengine, wachimbaji wa Kakamega na wa Macalder. Popote walipokusanyika kumi na wawili walifyeka majani, wakachimba mashimo, wakaanzisha klabu.

Klabu hizo zilikuwa za Wazungu. Wahindi na Wagoa walijitengenezea za kwao. Mwafrika aliingia klabuni kwa mlango wa nyuma akiwa na sinia, au alitembea uwanjani akiwa na mfuko mgongoni. Huyo mwenye mfuko, ambaye wachezaji humwita kedi, ndiye nitakaye umwangalie sana.

Katika siku za ukoloni Mwafrika mtu mzima wa kiume alilazimishwa kuchukua kipande, cheti cha alama za vidole na majina ya waajiri wake, alichokitia katika kijaluba cha chuma na kukitundika shingoni. Mpango huo ulianza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukadumu mpaka miaka ya 1940. Sasa tia picha hiyo uwanjani. Watu wawili watembea pamoja katika majani. Mmoja aingia kichakani peke yake, atoka, asema, "Nimepiga matano," naye aaminiwa bila swali, kwa kuwa ni mwungwana, na mwungwana hasemi uwongo. Mwingine, aliyekuwa karibu naye na aliyeyaona yote, akiulizwa njiani jina lake na kazi yake, neno lake halitoshi. Sharti afungue kijaluba. Hapo mchezo uliojengwa juu ya kumwamini mtu uliweka mpaka wa imani yenyewe, na mpaka huo ulikuwa wa rangi. Adabu nilizokuhesabia, za kunyamaza, kupisha na kusimama nyuma ya mpigaji, kedi alizishika zote tena kuliko bwana wake, lakini kwake hazikuitwa adabu, ziliitwa kazi.

Irudie sasa sheria ya Kisumu. Yamsema mchezaji, yausema mpira, yawasema kiboko na mamba. Kedi hakutajwa. Nani aliyetangulia majanini kuutafuta mpira? Nani aliyepeleka jicho kwanza penye matete? Waliotunga sheria hawakuwa watu wabaya kupita wengine, na sidhani kwamba walimtoa makusudi. Hawakumkumbuka tu, kama mtu asivyokumbuka kukitaja kivuli chake. Kwangu mimi jambo hilo lasikitisha kuliko tusi, kwa kuwa anayekutukana amekwisha kukuona.

Lakini kedi aliona. Alijifunza upepo na mwinamo wa nchi, akajua rungu gani kwa umbali gani, na jioni uwanja ukiwa mtupu alijaribu mwenyewe. Hivyo ndivyo wachezaji wengi hodari wa Afrika walivyopatikana. Mashuhuri miongoni mwao ni Sewsunker Sewgolum wa Durban, aliyeitwa Papwa, mtu wa asili ya Kihindi asiyejua kusoma, aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wengine. Alishika rungu kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, jambo ambalo kila mwalimu wa gofu angalilikataza. Na kwa mikono hiyo alishinda ubingwa wa Uholanzi mwaka 1959. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal, katika klabu moja ya Durban ambayo nyumba yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mvua ilikuwa ikinyesha. Walioshindwa walikuwa ndani, wakavu; mshindi akapewa kikombe chake nje, mvuani, kwa sababu sheria za ubaguzi zilimzuia kuvuka kizingiti. Picha ya siku hiyo ilienea duniani ikaiaibisha serikali ya Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye alishinda tena, akamwacha nyuma Gary Player, Mzungu wa nchi ile ile aliyekuwa mmoja wa mabingwa wa dunia. Baada ya hapo wakuu wakamfungia viwanja. Wala usidhani kwamba ni Afrika Kusini tu: chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kilikuwa na kifungu cha kuwakataza wasio Wazungu, kikakifuta mwaka 1961.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na milango ya klabu ikafunguka, mingine upesi, mingine kwa kusukumwa. Mwaka 1967 yalianzishwa mashindano ya wazi ya Kenya, ambayo yamewaleta nchini wachezaji wa mataifa mengi. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda mwaka 1978. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifika sawasawa na Ricardo González wa Argentina, wakarudiana, Okello akakosa ubingwa kwa kidogo sana. Kwa siku moja watu ambao hawakuwahi kugusa rungu walijua maana ya pigo moja. Lango la rangi limekwisha kuondoka. La fedha lingalipo, kwa maana virungu na ada ya klabu si mzigo wa mkulima wa tumbaku wa Kuria wala wa mvuvi wa Karungu. Makedi nao wangalipo, na wengi wao hucheza vizuri kuliko wanaowabebea.

Yabaki neno moja juu ya kiboko wetu. Sheria za gofu zilitengenezwa upya zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Muda wa kuutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa toka dakika tano hadi tatu, na mambo mengi ya kizamani yalirahisishwa. Katika kitabu hicho kanuni ya 16.2 yahusu wanyama wa hatari. Yataja nyoka wenye sumu, nyuki, mamba wa Marekani, siafu wakali na dubu. Kiboko hakutajwa kwa jina, lakini maneno yenyewe yamchukua. Mpira ukiwa karibu na mnyama wa namna hiyo, mchezaji aweza kuuhamisha bila adhabu, asisogee karibu zaidi na shimo. Ndiyo kusema kwamba ile iliyochekwa kama kichekesho cha Kisumu mwaka 1950, leo wazo lake ni sheria ya kila uwanja duniani. Kanuni hiyo yaeleza pia ni wakati gani hatari huhesabiwa kuwa ipo: ni pale mnyama awezapo kumdhuru vibaya mchezaji. Imeandikwa mchezaji. Kedi hakutajwa.